Pikipiki ya zamani inapogoma kuwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya pikipiki za kabureta, ziwe za pointi (swichi ya chuma inayoamuru plagi itoe cheche) au za CDI (kisanduku cha elektroniki cha kazi hiyohiyo), za kiki au za stata. Za injekta zina mambo yake, hazimo humu. Vipimo nilivyoweka ni vya kawaida kwa injini nyingi. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Jana ilikuwa nzima, leo haiwaki. Nianzie wapi?

Anzia kwenye vitu visivyohitaji spana. Ile swichi nyekundu ya kuzimia injini, karibu na mshikio wa resi, iko upande wa kuwasha? Koki ya mafuta imefunguliwa? Kama tangi limepungua, igeuze iende rizavu. Taa ya nyutro inawaka? Pikipiki nyingine hazikubali kuwaka stendi ya pembeni ikiwa chini, au mpaka ukamate klachi, na swichi ndogo za sehemu hizo hujaa tope zikaanza kudanganya.

Usione haya kuanzia huko. Niliwahi kushusha kabureta mara mbili mchana mmoja, nikaisafisha mpaka ikang'aa, kumbe wakati nafuta usukani kitambaa kilisukuma swichi nyekundu. Tangu siku hiyo kidole gumba changu hupita hapo hata kabla sijatia funguo.

Hayo yote yako sawa. Nitajuaje kama shida ni mafuta au ni moto, yaani cheche ya plagi?

Muulize plagi. Vuta choki, piga kiki mara nane au kumi, halafu fungua plagi papo hapo, usiiache ikauke. Itazame kwenye mwanga na uinuse.

Ikiwa kavu kabisa na hainuki petroli, mafuta hayafiki kwenye silinda: fuata njia ya tangi, koki na kabureta. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, kwa hiyo ama moto haupo au ni dhaifu, ama mafuta yamezidi. Ikiwa imepakaa oili nyeusi ya kuteleza, ringi au sili za valvu zimechoka, na plagi mpya itakusaidia kwa siku chache tu. Masizi makavu meusi maana yake pikipiki imekuwa ikila mafuta mengi kuliko hewa: choki haijarudi vizuri, chujio la hewa limeziba, au safari zako ni fupi mno injini haipati kuchemka. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Nyeupe kama chokaa inaonya kwamba hewa imezidi mafuta, au plagi yenyewe ni ya joto lisilofaa injini hiyo.

Dakika tano za kuangalia plagi zinaokoa siku nzima ya kufungua visivyo na kosa. Wengi huanzia kwenye kabureta kwa sababu ndiyo wanayoiona, na pikipiki iliyokuwa na tatizo moja hutoka na mawili.

Napimaje moto wa plagi bila kujiunguza?

Kwanza, funga koki na uziba tundu la plagi kwa kitambaa, maana mvuke wa petroli unaotoka pale unaweza kushika moto. Chomeka plagi kwenye kofia yake, lalisha chuma chake kwenye bolti au sehemu ya hedi (kichwa cha injini) isiyo na rangi, mbali na tundu. Washa funguo, piga kiki. Shika kofia kwa koleo yenye mpira, siyo kwa vidole. Umeme wa koili (kifaa kinachoipandishia plagi umeme) unafika maelfu ya volti, na ingawa huwa hauui mtu mzima mwenye afya, utarusha mkono wako na kuugonga mahali. Mwenye kifaa cha moyo asifanye kipimo hiki kabisa.

Moto mzuri ni wa bluu na unasikika ukipasuka, tak, tak, hata mchana. Wa manjano au mwekundu, mwembamba, ni dhaifu: ukishaingia ndani ya silinda penye mgandamizo utazimika. Na usiiache plagi ikining'inia hewani huku unapiga kiki. Umeme usipopata njia ya kushuka utaitafuta ndani ya koili au CDI, na hapo utakuwa umeongeza gharama.

Moto haupo kabisa. Je, CDI imekufa?

Huenda, lakini iwe ya mwisho kushukiwa. Weka kwanza plagi nyingine unayojua ni nzima, pengo kati ya 0.6 na 0.8 mm. Haijabadilika? Zungusha kofia ya plagi uitoe kwenye waya. Kwenye pikipiki nyingi imefungwa kama skrubu. Mara nyingi utakuta ncha ya waya imegeuka kijani. Kata milimita tano, rudisha kofia kwa kuizungusha, jaribu tena. Kofia zenyewe pia hufa. Nyingi zina ukinzani wa kama 5,000 omu ndani. Multimita ikionyesha njia imekatika, tupa.

Baada ya hapo fuata nyaya. Kwenye pikipiki ambazo CDI inalishwa na magneti (kizalisha umeme kinachozungushwa na injini), swichi ya kuzimia hufanya kazi kwa kupeleka umeme kwenye bodi, yaani kwenye fremu. Waya hiyo ikichubuka na kugusa fremu, ni sawa na kuacha swichi imezimwa siku zote. Kwenye Honda nyingi ni nyeusi yenye mstari mweupe. Ichomoe kwenye CDI, piga kiki: moto ukirudi, umeshapata kosa, na hukununua kitu. Kumbuka tu kwamba ikiwa imechomolewa, funguo haitaizima injini. Pikipiki ambazo moto wake unatoka kwenye betri ni kinyume, swichi hukata umeme unaokwenda kwenye koili. Hapo pima kama koili inapata volti funguo ikiwa imewashwa.

Angalia na waya ya bodi, ile inayotoka betri hasi kwenda fremu, na bolti inayoshika koili. Kutu chini ya bolti moja inatosha kulaza pikipiki nzima. Ukishapita yote hayo ndipo upime koili, kisha pikapu (koili ndogo inayoiashiria CDI wakati wa kutoa moto), kisha uanze kuifikiria CDI.

Yangu ina pointi. Zinasumbua vipi?

Pointi ni vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga kwa kusukumwa na kamu. Kila vinapofunguka, koili inatoa moto. Pikipiki ikikaa muda mrefu hupata utando ambao macho hayauoni na umeme haupiti. Pitisha kipande cha karatasi ngumu, safi, katikati yake, vuta mara mbili tatu mpaka kitoke bila alama. Zikiwa na mashimo, zisugue kwa tupa nyembamba, halafu pima pengo likiwa kwenye upana wake wa mwisho: 0.3 hadi 0.4 mm kwa nyingi. Kisigino cha pointi kinapolika pengo hupungua na moto huanza kuchelewa, ndiyo maana pikipiki huanza kuwa ngumu kidogo kidogo bila kuharibika kitu cha kuonekana.

Ukizitazama gizani injini inazunguka na ukaona cheche kubwa za bluu zikiruka katikati ya pointi zenyewe, kondensa (kikopo kidogo cha umeme kilichounganishwa na pointi) imekufa. Badilisha zote pamoja.

Plagi inatoka imelowa, na moto upo. Nifanye nini?

Imekunywa mafuta. Funga koki, rudisha choki, fungua resi yote na uishikilie hapo, piga kiki mara kumi bila kuiachia. Hewa nyingi itaingia na kufagia petroli iliyozidi. Ikianza kukohoa, punguza resi taratibu na ufungue koki. Ikikataa, toa plagi, zima swichi, piga kiki mara kadhaa tundu likiwa wazi, ikaushe plagi na urudishe.

Ikirudia kesho, kosa liko kwenye floti, lile boya la ndani ya kabureta. Sindano inayofunga mafuta ndani ya kabureta imelika au imenasa uchafu, au floti imetoboka na kuzama. Ishara yake ni petroli kudondoka kwenye mpira wa chini ya kabureta.

Plagi kavu, na tangi limejaa. Mafuta yanaishia wapi?

Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa ya kukinga, ilegeze, fungua koki, na usimame uangalie. Yakitoka kwa nguvu na kuendelea kwa nusu dakika, njia ya juu ni safi na shida iko kwenye jeti (vipande vya shaba vyenye vitundu vya kupitishia mafuta ndani ya kabureta). Yakitoka vizuri kisha yakapungua kuwa matone, fungua kifuniko cha tangi: yakirudi kwa nguvu, tundu la hewa la kifuniko limeziba na tangi lilikuwa linavuta ombwe. Yasipotoka kabisa, vua mpira wa mafuta kwenye kabureta. Kama hata hapo hakuna kitu, ni koki au chujio lake lililo ndani ya tangi. Kama yanamwagika, sindano ya floti imeganda.

Kuna koki zinazofunguliwa na mvuto wa injini yenyewe, huwa na mpira wa pili mwembamba. Hizo hazitoi tone injini ikiwa imezima, na watu huzihukumu bure. Ziweke kwenye alama ya PRI ndipo upime.

Imekaa miezi sita bila kuguswa. Naweza kuiwasha tu?

Usijaribu mpaka umemwaga petroli ya zamani. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyowasha injini baridi, ndivyo vinavyoruka kwanza. Kinachobaki kina rangi ya chai na harufu kama ya rangi ya mafuta ukutani. Kwenye bakuli la kabureta, ambako kuna mafuta kidogo, hali hiyo huja mapema zaidi, wakati mwingine ndani ya miezi miwili. Kinachokauka huacha gundi ndani ya jeti.

Jeti inayoumia ni ile ndogo, ya kuwashia na kutulizia injini. Tundu lake lina upana wa karibu 0.4 mm. Ukishaifungua kwa bisibisi inayoingia sawasawa (shaba ni laini, ukiichana hutaitoa tena), inyanyue uitazame dhidi ya mwanga. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo duara kabisa. Ukiona mwezi mchanga au kivuli, bado ina gundi. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa hewa, itazame tena. Usichokoe kwa sindano ya chuma, utapanua tundu na pikipiki itakula mafuta maisha yake yote. Uzi mmoja wa waya laini ya shaba unatosha. Vaa miwani, na ondoa vitu vya mpira kabla ya kupuliza dawa kwa sababu huvimba.

Skrubu ya hewa au mafuta pembeni mwa kabureta, kabla ya kuitoa, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, uandike. Mara nyingi huwa kati ya mmoja na nusu na miwili na nusu.

Mulika pia ndani ya tangi kwa tochi. Kama kuna kutu, kusafisha kabureta kutakusaidia wiki moja tu, itajaa tena. Safisha tangi na uweke chujio kwenye mpira wa mafuta.

Inawaka na choki, nikiirudisha inazima.

Jeti ndogo imeziba, soma jibu lililotangulia. Kama umeshaisafisha kweli, kagua mpira unaounganisha kabureta na hedi. Ukunje kwa vidole. Nyufa hazionekani mpaka uukunje. Hewa inayopenya hapo haijapimwa na kabureta, na choki ndiyo iliyokuwa inaificha.

Jambo moja linalofanana na kosa lakini si kosa: kwenye kabureta nyingi choki haifanyi kazi ukivuta resi. Ile njia ya ziada ya mafuta hutegemea mvuto mkali, na mvuto huo hupotea kipande cha resi kikinyanyuka. Vuta choki, acha resi, piga.

Asubuhi inawaka vizuri. Ikichemka na nikaizima, inagoma mpaka ipoe.

Hili ndilo linalowatesa watu, maana ukifika kwa fundi imeshapoa na inawaka kama mpya. Dawa ni kupima palepale inapogoma, ikiwa bado ya moto. Beba plagi ya akiba na spana yake.

Moto ukiwa haupo, mshukiwa ni koili au pikapu: waya nyembamba iliyokatika ndani yake hugusana ikiwa baridi na kuachana inapotanuka. Dakika ishirini za kupoa zikirudisha moto, hiyo ndiyo. Ukitaka uhakika, ipime omu zake ikiwa baridi, kisha ipashe kwa kikaushia nywele upime tena.

Moto ukiwa upo na kiki ni nyepesi kuliko ya asubuhi, tapeti (sehemu zinazosukuma valvu) zimebana. Valvu inapopata joto hurefuka, na kama haina nafasi hushindwa kufunga. Tapeti zinazopiga kelele hukusumbua masikio. Zilizobana zinaunguza valvu kimyakimya, na hizo ndizo za kuogopa.

Na fungua kifuniko cha tangi kabla ya yote. Ukisikia hewa ikiingia, fsss, tundu la kifuniko limeziba, na msako wako umekwisha pale.

Nikibonyeza stata inasema tik tu.

Tik-tik-tik za haraka ni betri dhaifu au vichwa vyake vichafu. Tik moja nzito kisha kimya ni relei iliyoungua ndani au kaboni za stata zilizokwisha. Stata ikizunguka kwa sauti lakini injini haisogei, klachi ya stata imechoka.

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 hadi 12.8 ikiwa imepumzika. Chini ya 12.0 ihesabu kuwa imekwisha chaji. Ila namba hiyo peke yake inaweza kudanganya, kwa hiyo ipime ukiwa umebonyeza stata: ikishuka chini ya kama volti 9.6, betri haina nguvu hata kama taa inawaka vizuri. Pikipiki ikishawaka, ipandishe resi kiasi. Unatakiwa kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichaji, na betri mpya nayo itakufa.

Naweza kuibusti kwa betri ya gari?

Ndiyo, injini ya gari ikiwa imezimwa, na kama pikipiki yako ni ya volti 12. Pikipiki nyingi ndogo za miaka ya 1970 na nyuma zaidi ni za volti 6, hizo usithubutu.

Na kuisukuma je?

Gia ya pili, klachi ndani, ipate mwendo, kaa kwa uzito huku unaachia klachi. Zenye magneti zitawaka hata bila betri. Zinazotegemea betri hazitawaka betri ikiwa imekufa kabisa, utachoka bure.

Kiki imekuwa nyepesi kama haina kitu.

Mgandamizo umepotea. Fungua resi yote unapopima kwa geji. Injini nyingi za stroki nne zenye afya hutoa kati ya psi 120 na 180, na chini ya 90 kuwaka kwake ni bahati. Tia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi na silinda zimelika, oili imeziba nafasi kwa muda. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Lakini kabla ya kufungua hedi pima nafasi ya tapeti, injini baridi, pistoni juu mwisho wa mgandamizo. Injini ndogo nyingi zinataka 0.05 hadi 0.10 mm, na wapo waliofungua injini nzima kwa tatizo la dakika ishirini.

Kiki inanirudishia mguu kwa nguvu.

Kwa injini kubwa za silinda moja hili ni suala la namna ya kupiga. Sukuma kiki polepole mpaka ikugomee. Hapo pistoni iko kwenye mgandamizo. Kamata wenzo wa kutolea mgandamizo kama upo, isogeze kidogo tu ipite kilele, achia, rudisha kiki juu, kisha ishuke na uzito wako wote mpaka chini bila kusita. Yamaha SR500, iliyotoka 1978, iliwekewa kioo kidogo kwenye hedi cha kukuonyesha umefika mahali hapo. Katika nyingine mguu wako ndio kioo. Kama umefanya hivyo na bado inarudisha, moto unapiga mapema mno: angalia taimingi, na uvae viatu vigumu.

Oili inanuka petroli na imepanda kwenye kipimo.

Usiiwashe. Sindano ya floti imevujisha na petroli imeteremka mpaka kwenye oili. Ikiwa nyingine imejaa juu ya pistoni, kimiminika hakigandamizwi, na stata ina nguvu ya kutosha kupinda konrodi (mkono wa pistoni). Toa plagi, izungushe injini polepole iteme, rekebisha floti, mwaga oili yote uweke mpya. Na uanze tabia ya kufunga koki kila unapoegesha.

Yangu ni ya stroki mbili. Kuna tofauti?

Njia ni ileile, ila ongeza sili za krenki (shafti kuu ya injini). Zikipasuka upande wa magneti injini huvuta hewa, upande wa klachi huvuta oili ya gia na kutoa moshi mzito. Ekzosi iliyojaa kaboni pia huifanya igome.

Imegoma baada ya kuoshwa.

Maji yameingia kwenye kofia ya plagi. Ichomoe, ikaushe, na puliza shimo la plagi kabla ya kuifungua, mchanga usidondokee ndani.

Vipi zile dawa za kupuliza za kuwashia?

Kwa kupima tu, mara moja, kidogo, kwenye mdomo wa chujio la hewa. Ikiwaka sekunde mbili ikazima, umethibitisha moto upo na mafuta hayapo. Kuitegemea kila asubuhi ni kuiumiza injini, hasa ya stroki mbili, ambayo oili yake huja na petroli.

Fundi anasema ninunue CDI, koili na kabureta mpya. Nikubali?

Muulize ni kipimo gani kilichomwonyesha. Kama jibu ni "hizi huwa zinakufa", azima kifaa kutoka kwenye pikipiki ya aina ileile inayowaka, kimoja kwa wakati, uone. Vitatu vikibadilishwa kwa pamoja hutajua kamwe kipi kilikuwa kibovu, na kabureta za bei rahisi mara nyingi huja na jeti zisizolingana na injini yako. Niliwahi kununua moja. Ile ya zamani niliikuta kwenye kopo la misumari miaka miwili baadaye, nikaipuliza jeti ndogo, na ndiyo iliyo kwenye pikipiki mpaka leo. Kwa hiyo hata ukinunua kipya, cha zamani usikiache kwa fundi.